Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka. Msemaji ni mtumishi wa serikali katika idara ya ardhi, na alisoma katika shule hii miaka ya 1990.)



Katibu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya namna mfanyabiashara na mkuu wa familia wanavyoweza kuziweka mali zao katika hali njema kabla ya kufa. Alinipa dakika 40. Nitajitahidi nisizivuke, ingawa nyote mwajua kwamba mtumishi wa serikali akishapewa kipaza sauti hakirudishi kwa hiari.

Nianze kwa kusema kwamba mimi si wakili. Kazi yangu ni ardhi. Lakini ofisi ya ardhi ni mahali ambapo magomvi ya mirathi huja kulala baada ya kushindikana kwingine kote, na kwa hiyo kwa miaka mingi nimeyasikiliza mengi, ya Kasulu na ya Kibondo. Zaidi ya hayo, ninayo kesi moja niijuayo kuliko zote, kwa kuwa mkosaji nilikuwa mimi mwenyewe. Hiyo ndiyo nitakayoisimulia kwanza.

Baba yangu alianza biashara kwa kubeba maharage juu ya baiskeli kutoka vijijini hadi soko la Kasulu. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka kazi ile: gunia mbili nyuma, mtu anasukuma mlima mzima, kisha anateremka akiomba Mungu breki zisikatike. Kwa baiskeli ile akapata duka, na kwa duka akapata lori aina ya Isuzu. Wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi baada ya mwaka 1993 na kambi zikafunguliwa katika wilaya zetu, kazi ya usafirishaji ikapanuka, naye akafungua duka la pili Kibondo mjini. Na kama mjuavyo, mtu mwenye maduka mawili aghalabu huwa na majiko mawili. Kule Kibondo akapata mke wa pili na watoto 3. Sisi wa Kasulu tulilijua jambo hilo kama watoto wanavyoyajua mambo ya namna hiyo, yaani tulilijua na hatukulijua.

Mwezi wa Machi 2003, nikiwa mwaka wangu wa mwisho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaletewa habari kwamba Mzee ameugua siku chache na kufariki. Nikapanda gari moshi la Kigoma, nikafika nyumbani nikakuta wamekwisha kuzika. Siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa: baba wakubwa 2, baba mdogo, shangazi, na wazee wa jirani. Nikateuliwa niwe msimamizi wa mirathi, kwa sababu mbili: nilikuwa mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, na nilikuwa msomi. Mama yangu hakuulizwa neno. Yeye alikuwa akileta chai. Mama mdogo wa Kibondo alikuja na watoto wake, akaketi huko nyuma karibu na migomba, akaondoka jioni bila mtu kumwambia lolote zaidi ya pole.

Muhtasari wa kikao ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, nikapewa barua ya usimamizi yenye mhuri. Nawaambieni, kijana wa miaka 23 akipewa karatasi yenye jina lake na mhuri wa mahakama juu ya duka, nyumba na lori, hapana budi kichwa chake kipande joto. Niliisoma ile barua nikaona imeandikwa kwamba mali ni yangu. Haikuandikwa hivyo hata kidogo, lakini ndivyo nilivyosoma.

Kazi ya kwanza ilikuwa madeni. Mzee alikuwa na daftari la mkopo, lenye jalada gumu, nene, la miaka mingi. Nikalifungua. Humo nikakuta: "Mwalimu mfupi, 18,000." "Yule wa Makere, 40,000." "Mama wa samli, bado." Jina kamili halikuwemo hata moja. Mzee aliwajua wote kwa sura, na sura hizo alikwenda nazo. Katika pesa zote zilizoandikwa mle sikukusanya hata theluthi. Lakini wale waliokuwa wakimdai yeye, hao walikuja wote, tena kila mmoja alikuwa na kumbukumbu njema ajabu. Kulikuwa pia na mzigo wa bidhaa alioulipia Mwanza kwa mdomo, bila hata kipande cha karatasi. Mzigo ule hatukuuona mpaka leo.

Lori, baba mdogo alisema lisilale bure, akalichukua ili liendelee na kazi. Baada ya miezi 7 nilikwenda kwake nikalikuta limesimama juu ya mawe, halina matairi. Duka la Kasulu nilimweka ndani yake binamu yangu mmoja, kijana mzuri, mcheshi, asiyejua bei ya sabuni. Likafungwa kabla ya mwaka kwisha. Na hapa ndipo panaponiuma hata leo. Mama yangu alikuwa amelifungua duka lile kila asubuhi kwa miaka 14. Alijua bei. Alijua nani hulipa na nani hukimbia. Ningalimwuliza, angalinitajia majina ya nusu ya watu wa daftari lile. Meneja tuliyemhitaji alikuwamo ndani ya nyumba, nasi tulimwachia kazi ya birika.

Duka la Kibondo nililipiga kufuli, nikauza bidhaa zilizokuwamo. Sehemu ya pesa ilimalizia masomo yangu, na sehemu ikanunua kiwanja. Kwa jina langu. Mwaka huohuo mdogo wangu mkubwa wa nyumba ya Kibondo alikuwa Kidato cha 2 katika shule hii, katika bweni lilelile nililolala mimi. Wakati ule ada ilikuwa ikilipwa. Ilifutwa katika shule za serikali baadaye, mwaka 2016. Alirudishwa nyumbani kufuata ada, na nyumbani hakukuwa na ada, kwa sababu ada yake ilikuwa kiwanja changu. Hakurudi tena shule.

Mwaka 2006 mama yake alikwenda mahakamani, nikaitwa. Hakimu, mtu mpole wa makamo, hakunigombeza. Aliniuliza tu: Fomu Na. 5 iko wapi? Na Fomu Na. 6? Nilisema sikujua kama kuna fomu hizo. Huo ulikuwa uongo, maana karani alinieleza siku ya kwanza, nami nilikuwa nikiutazama mhuri. Kwa kanuni za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971, msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 ya kuleta katika Fomu Na. 5 orodha ya mali yote na madeni yote ya marehemu. Kisha katika Fomu Na. 6 hutoa hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa. Mimi nilikuwa nimekaa miaka 3 bila kuleta kitu. Nikaamriwa kuleta hesabu. Niliuza kile kiwanja, nikakopa kazini, na ilipofika 2008 watoto wa Kibondo walikuwa wamepata fungu lao kwa pesa. Kidato cha 3 nisingeweza kukirudisha. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuwa makanika Kigoma. Leo ana gereji yake, na yupo hapa, ameketi pale dirishani. Hotuba hii aliisoma kabla yenu. Alifuta sentensi 2 akaniambia zilizobaki niziseme.

Basi, ndugu zangu, tuitazame sheria.

Msimamizi wa mirathi ni mtumishi wa warithi na wa wadai. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa, kutoa hesabu, na kuondoka. Fungu lake, kama yeye naye ni mrithi, analipata kama mrithi. Jina la msimamizi likiandikwa juu ya hati ya kiwanja, limeandikwa kwa niaba ya wengine. Ofisini kwangu huja watu na ile barua wakitaka kuuza kiwanja siku hiyohiyo, na mara nyingi nauliza swali moja tu: warithi wenzako wako wapi? Wengine huondoka wamekasirika. Mimi nawaelewa kuliko wanavyodhani.

Swali la pili ni hili: mali itagawanywa kwa sheria ipi? Wengi hawajui kwamba Tanzania Bara ina sheria tatu za mirathi zinazokwenda sambamba, na ya kwako inategemea dini yako, kabila lako na mwenendo wa maisha yako. Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu, ambayo kwayo mke ana fungu la wazi, thumni moja ikiwa mume ameacha watoto na robo ikiwa hakuacha, na wosia hauwezi kupita theluthi ya mali. Kuna sheria iliyoletwa kutoka India, ya mwaka 1865, ambayo hutumika kwa watu walioachana na maisha ya mila. Pasipo wosia, humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Na kuna sheria ya mila, iliyoandikwa na serikali katika Tangazo Na. 436 la mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Hii ya tatu ndiyo iliyotumika kwetu, ingawa baba alikuwa mkristo mwenye jina la ubatizo. Jina la ubatizo peke yake halitoshi. Mahakama hutazama ulivyoishi na ulichokitaka, na kama hukuandika ulichokitaka, watatazama ulivyoishi: ulitoa mahari ya ng'ombe, ulioa wake wawili, uliketi katika vikao vya ukoo. Basi utahesabiwa mtu wa mila.

Na ile mila ya 1963 inasemaje? Warithi wamepangwa madaraja. Daraja la kwanza ni mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba kubwa, yaani mimi. La pili ni wana wengine wa kiume. La tatu ni mabinti. Mjane, ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo, hana fungu. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Mwanamke aweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini kuiuza hawezi.

Yamekuwapo mabadiliko, na hayo yafaa myajue vizuri, hasa ninyi vijana. Kwa jirani zetu wa Kagera, wilayani Muleba, bibi mmoja aitwaye Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi kwamba mwanamke hana haki hiyo, na Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba tangu haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Miaka 7 kabla yake, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikuwa imesema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Ile ilikuwa kesi ya talaka, si ya mirathi. Lakini kila nikiisoma naliona birika la chai.

Hata hivyo msidhani mambo yalinyooka. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa majumbani mwao na ndugu za waume zao, waliipeleka sheria hiyo ya 1963 yenyewe mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zile ni za ubaguzi, lakini haikuzifuta. Shauri likaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayotazama haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema nchi yetu imekosea. Mtu akitegemea sheria ibadilike ndipo mjane wake apate haki, atangoja sana. Kalamu yako mwenyewe ni ya haraka zaidi.

Na watu wa Kasulu wasiniambie kwamba kumpa mwanamke mamlaka ni jambo geni lililoletwa na redio. Wazee wetu waliongozwa na Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke, katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Usultani ulifutwa 1963, mwaka uleule ambao kanuni nilizozitaja ziliandikwa. Jambo hilo hunichekesha kidogo.

Sasa nije kwenye ardhi, ambayo ndiyo kazi yangu, na mniwie radhi nikichelewa hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, imesema wazi kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki ardhi, mila hiyo ni batili. Basi baraza la wazee linaposema "kwa desturi yetu binti hapewi shamba", linasema jambo ambalo sheria imekwisha kulikataa. Hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa majina mawili, ya mume na ya mke, na kiwanja cha mjini vilevile. Tena kwa Sheria ya Ardhi, ardhi ambayo mume na mke wameipata ili waitumie pamoja huchukuliwa kuwa ni yao wote wawili, isipokuwa hati yenyewe iseme vinginevyo. Hufika kwangu mabwana wa suti wanaotaka hati iandikwe jina moja, ati "mke atajua tu kwamba ni yetu". Atajua, ndiyo. Shemeji zake ndio hawatajua.

Lipo jambo jingine la ardhi ambalo ni letu sana sisi watu wa Buha. Ilipofanyika Operesheni Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walihamishwa kutoka mahame yao wakapangwa katika vijiji. Leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, mtu anafariki, na siku ya matanga anatokea mjukuu wa mtu mwingine akisema: shamba hili lilikuwa la babu yangu kabla ya Operesheni. Huenda anasema kweli, tena huenda miembe ya babu yake ingalipo. Lakini sheria ya 1999 imethibitisha ugawaji wa ardhi ya vijiji uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, na haki za kabla ya hapo juu ya ardhi hiyo zikazimika. Wenye wazazi waliopewa ardhi wakati ule, nendeni mkawaulize wangali hai: walipewa na nani, mwaka gani, na majirani walikuwa kina nani. Yaandikeni. Mashahidi wa Operesheni wanakwisha.

Juu ya biashara yenyewe nitasema machache, ingawa Katibu alitaka mengi. Duka lenye jina zuri juu ya mlango, hata kama jina hilo limesajiliwa, mbele ya sheria ni wewe mwenyewe. Ukifa, benki huzuia akaunti mpaka iletwe barua ya usimamizi, leseni imebaki na jina la marehemu, na kodi unayodaiwa haizikwi nawe. Ubia nao huvunjika mbia mmoja akifa, isipokuwa mlikubaliana vinginevyo, basi kubalianeni vinginevyo na mwandike. Kampuni iliyosajiliwa ni kitu kingine. Kampuni haifi, kinachorithiwa ni hisa, na lori ni la kampuni, kwa hiyo baba mdogo hawezi kulichukua kirahisi ili lisilale bure. Simwambii mwenye genge la nyanya afungue kampuni. Lakini mwenye malori 3 na watu 10 wanaomtegemea kwa mshahara, yampasa afikiri.

Hata kampuni haitamfaa mtu asiyefundisha mwenziwe kazi. Nimeona Kibondo mwenye mashine ya kusaga ambaye kila mwisho wa mwezi humkalisha mkewe na binti yake mezani, wakasoma hesabu pamoja: tumeingiza nini, tunadaiwa nini na nani, kwa jina lake kamili. Aliugua mwaka mzima, mashine haikusimama hata siku moja, na yeye angali hai, amepona, analalamika kwamba siku hizi hawamwulizi kitu. Kwangu mimi huo ndio uongozi wa biashara. Wengi wetu tumeziweka funguo zote mfukoni, tukidhani anayeshika funguo ndiye kiongozi.

Tuje kwenye wosia. Najua kwetu kuusema ni uchuro. Mtu akisema "nataka kuandika wosia", mkewe humwuliza ameota nini. Mimi wangu niliuandika mwaka 2009, na bado nakula ugali. Kwa mila ya 1963, wosia wa maandishi uandikwe kwa wino, si kwa kalamu ya risasi, uwe na tarehe, na utiwe sahihi mbele ya mashahidi wanaojua kusoma na kuandika: wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kama mwenye wosia ni msomi, wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili watu baki, kama hajui kusoma. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Wosia wa mdomo nao unakubaliwa ukiwa na mashahidi 4 wa namna hiyo. Mrithi asishuhudie wosia unaompa kitu, isipokuwa warithi wote wameshuhudia. Ukitaka kumnyima mrithi, huwezi kuandika tu kwamba humpendi. Sababu zinazokubaliwa ni nzito, kama kuzini na mke wako, kujaribu kukuua au kukudhuru, kukutupa katika maradhi au njaa, au kuiharibu mali yako. Tena lazima uitaje. Nimeona wosia ukianguka kwa sababu mzee aliandika "huyu anajua mwenyewe alichofanya".

Wosia usiufungie sandukuni ambako atakayeuona wa kwanza ndiye asiyeupenda. RITA, wakala wa serikali ulioanza mwaka 2006, huandika na kutunza wosia. Mwanasheria naye aweza kukutunzia. Na tafadhali wataje watoto wote, hata wale ambao nyumba kubwa haijawaona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto haki ya kufaidi mali ya mzazi wake. Mzee wangu angaliandika mstari mmoja tu, kwamba wana wa Kibondo wasomeshwe kwa duka la Kibondo, nisingalithubutu kupiga lile kufuli. Au labda ningalithubutu, lakini ningalijua ninaiba.

Ninyi wanafunzi mtauliza, haya yatuhusu nini, hatuna hata baiskeli? Mwaka 2003 nami sikuwa na baiskeli. Wengi wenu ni wana wa kwanza, tena wasomi wa kwanza katika ukoo, na siku moja kikao kitawageukieni. Huwezi kumwendea baba yako ukamwambia "Baba, andika wosia", maana atakuuliza una haraka gani. Lakini likizo hii unaweza kumwambia, "Baba, nimefundishwa kuweka hesabu, nipe lile daftari la mkopo nilinakili vizuri." Ukifika kwa "Mwalimu mfupi", mwulize: ni nani huyu, na anakaa wapi? Nina hakika atakujibu, tena kwa furaha, maana kila jina lina hadithi yake.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anaitazama saa. Baada ya chakula nitaketi pale kwenye maktaba pamoja na mdogo wangu. Nimekuja na nakala za fomu za Mahakama ya Mwanzo, kuanzia Na. 1 mpaka Na. 6, na mfano wa wosia ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi. Wenye swali la ardhi ya Operesheni waje na mchoro wa shamba, hata ukiwa wa kalamu ya risasi.